North Mara: jina la wilaya lililohamia mgodini

Mwambie dereva wa Tarime mjini akupeleke North Mara, naye hatauliza ni North Mara ipi. Atakupeleka Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu. Vijana wengi wanaopanda gari hilo hawajui kwamba babu zao walilipa kodi ya kichwa wakiwa wakazi wa wilaya yenye jina hilohilo.

Wilaya ya North Mara ilikuwa kazi ya Waingereza. Ilianzia ufukwe wa Ziwa Victoria upande wa Shirati, ikapanda hadi nyanda za juu za Wakuria, na makao yake yalikuwa Tarime. Jina ni la mtu aliyekaa na ramani mezani: mto Mara unapita hapa, nchi iko kaskazini yake, basi. Kwa ofisi ya mkoloni, naamini, lilikuwa na faida: halikuwa la Mkuria wala la Mjaluo. Hata kwa koo za Wakuria peke yao, ungemtaja Mnyabasi ungemuudhi Mwirege, na Mtimbaru naye angekuwa na la kusema. Uhuru ulipokuja jina liliendelea kwa muda, kisha wilaya ikaitwa Tarime. Mwaka 2007 upande wa ziwani ukamegwa kuwa Wilaya ya Rorya.

Jina hilo la karani lilipaswa kuishia kwenye makabati ya nyaraka. Dhahabu ndiyo iliyolirudisha midomoni. Mgodi wa Nyamongo ulianza uzalishaji mwaka 2002 chini ya Afrika Mashariki Gold Mines, ukiitwa North Mara. Mwaka uliofuata ukachukuliwa na Placer Dome ya Kanada. Mwaka 2006 Barrick ikainunua Placer Dome. 2010 ikaja African Barrick Gold. 2014 kampuni ikajibatiza Acacia. 2019 Barrick ikairudisha mikononi mwake, na sasa Serikali ina hisa za asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga. Wenye mali wamepishana hivyo, lakini mgodi haujabadilishwa jina hata mara moja. Mashimo yenyewe yanaitwa Nyabirama, Nyabigena na Gokona, majina ya wenyeji. Kiingereza kiko kwenye kampuni, Kikuria kiko ardhini, na anayetaka kujua nani alifika kwanza asihangaike kutafuta hati.

Na North Mara si jina pekee la aina hiyo kando ya mto. Kabla kampuni hizi hazijafika, wataalamu wa maji walikuwa na kituo cha kupimia kina cha mto Mara kiitwacho Mara Mines, na takwimu zake bado zinatumiwa na kila anayechunguza mto huo, kuanzia misitu ya Mau nchini Kenya hadi ziwani.

Kutoka langoni mwa mgodi kumetoka pia neno "intruda". Ndivyo wanavyoitwa vijana wanaoingia kuokota mawe yenye dhahabu. Lilikuwa neno la walinzi, neno la kumshtaki mtu. Nyamongo likageuka kuwa jina la shughuli, na kijana anaweza kukuambia bila kificho kwamba yeye ni intruda. Baadhi waliuawa au kujeruhiwa. Mwaka 2013 wakazi walifungua kesi London dhidi ya African Barrick Gold, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Vuka mto uingie Wilaya ya Serengeti, na majina ya kigeni yanabadilika sura. Fort Ikoma ilijengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Neno "fort" liko kwenye lugha zote mbili, hivyo Mwingereza alipoirithi ngome hakuhitaji kugusa kibao. Miaka ya 1960 ngome ikageuzwa hoteli ya watalii. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilipotangazwa mwaka 1951, ilipewa jina la Kimaasai, ilhali upande huu wa magharibi ni nchi ya Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme. Kwenye miaka ya 1960 hifadhi ikaongezewa pembe ya ardhi kati ya mto Mara na mpaka wa Kenya. Kwenye ramani inaitwa Lamai Wedge, yaani ile Lamai ya zamani ikiwa imefungiwa umbo la kabari.

Kinachonifurahisha zaidi ni Parknyigoti, kijiji cha jirani na hifadhi. Orodha za vijiji huliandika jina lake kama neno moja, Kiingereza na lugha ya wenyeji vimeshonwa pamoja bila nafasi, na hakuna anayeona ajabu.

Mpaka wa Kenya nao umeacha alama kwenye majina ya watu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari ufike ziwani kwenye digrii ya kwanza kusini mwa ikweta, na Wakuria wakakatwa vipande viwili. Leo upande wa Sirari binti mara nyingi ataandikwa Bhoke au Ghati. Ng'ambo, Isebania, binamu yake ni Boke au Gati. Bibi yao anawaita kwa sauti ileile.

Turudi Serengeti. Wanavijiji walipounda jumuiya yao ya kuhifadhi wanyamapori, jina walilitunga wenyewe: wakachukua Ikoma, wakachukua Nata, wakapata Ikona. Kwenye karatasi inaitwa Ikona WMA (Wildlife Management Area), na mkutanoni herufi hizo tatu husomwa kwa Kiingereza.