Rada ya Dar es Salaam na Anga la Ngara

Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Dar es Salaam hadi Kigali, utapita Biharamulo, kisha Ngara, ndipo uvuke mto Kagera. Kwa miaka mingi ndege zinazoruka juu sana katika njia hiyo, hata zikiwa juu ya Rwanda na Burundi, ziliongozwa na Dar es Salaam. Kwa hiyo serikali ya Tanzania iliponunua rada ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, swali la kwanza lilipaswa kuwa: itaona wapi? Tulibishana kuhusu bei na rushwa, na kwa haki kabisa, kwani waziri Clare Short aliipinga ndani ya serikali ya London kabla ya kibali kutolewa Desemba 2001. Lakini kosa lililougusa mkoa wa Kagera, iliko Ngara, lilikuwa jingine. Mawimbi ya rada hayapindi kuufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo futi 35,000 hufichika ikishapita kilomita 430 hivi. Ngara iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Mtambo ule, hata ungekuwa bora kuliko yote duniani, usingeweza kuiona. Mwongozaji aliendelea kutegemea sauti ya rubani anayetaja mahali alipo, saa na kimo, kisha kuzitenganisha ndege kwa hesabu ya dakika.

Wapo wanaosema utaratibu huo unatosha, maana ndege huvuka bahari kuu hivyo hivyo. Ni kweli, lakini unahitaji nafasi kubwa kati ya ndege na ndege, na redio isiyokatika. Tena anga hilo halikuwa tupu. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, Ngara, na ndege za misaada zikafuata. Waliopanga ununuzi miaka michache baadaye hawakuwa na sababu ya kuusahau upande wa magharibi. Wengine watataja chenji ya rada, pauni milioni 29.5 zilizorudishwa na BAE baada ya kesi yake ya London ya mwaka 2010 na kununua vitabu na madawati. Naiheshimu fedha hiyo, na watoto walistahili vitabu. Ila kitabu hakimwonyeshi mwongozaji ndege iliyo juu ya Biharamulo.

Mwaka 2017 ndipo ulipotiwa saini mkataba wa rada nne na kampuni ya Thales ya Ufaransa, mojawapo ikiwa ya Mwanza, kilomita 250 hivi kutoka Ngara. Rada hiyo ilipoanza kazi, ndege za juu zikapata jicho. Lakini ndege ndogo inayoelekea Ngara, ikishashuka chini ya futi 12,000 hivi juu ya usawa wa mtambo huo, haionekani Mwanza.