Chakula cha Kijiji na Ada ya Chuo



Kila mwaka ifikapo Oktoba, wazazi hutujia parokiani na barua ya udahili mkononi na wasiwasi usoni. Mtoto amepata nafasi chuo kikuu, majirani wamempongeza, bibi amepiga vigelegele. Kisha majina ya waliopangiwa mikopo yanatangazwa awamu kwa awamu, na jina lake halimo, au limo kwa kiasi kisichotosha. Ndipo ng'ombe anauzwa, au kipande cha shamba. Katika tafakari yetu ya juma hili tumeona vema tutazame nyuma, tujue mzigo huu ulifikaje mabegani mwa familia zetu.

Chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Nchi ilikuwa maskini, lakini umma ulikubali kubeba sehemu kubwa ya gharama zao. Mwaka 1964 Mwalimu Julius Nyerere alieleza maana ya kukubali huko kwa mfano wa kijiji chenye njaa. Wanakijiji humkabidhi mwenzao mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada. Akila na asirudi, amewasaliti.

Ni wazi basi kwamba elimu ya juu haikuwa bure hata siku hizo. Ilikuwa deni, ila deni lenyewe lililipwa kwa utumishi. Na vijana hawakulipokea kimya kimya. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka watumikie taifa kwa takriban miaka miwili, kwa sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu alikasirika, akawafukuza karibu 400. Lakini siku hiyohiyo alikubali kwamba viongozi nao walikuwa wakilipwa kupita kiasi, akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka 1967. Tunalikumbuka tukio hili kwa sababu mzee aliyedai deni kwa vijana alianza kulipa la kwake.

Mambo yalibadilika polepole. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kushuka kwa mapato ya mazao yetu viliikausha hazina. Mwaka 1986 serikali ilitia saini mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na matumizi ya umma yakabanwa. Kuanzia mwaka wa masomo 1992/93 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama: kwanza nauli na ada ndogondogo, kisha mzigo ukazidi kuongezeka hatua kwa hatua. Mwaka 2004 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 makato ya marejesho yalipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na wengi walishukuru.

Hatusemi kwamba mikopo ni kosa. Bila hiyo, maelfu ya watoto wa wakulima wasingekanyaga chuo, kwani vyuo sasa ni vingi na wanafunzi hawahesabiki kwa vidole. Tunachosema ni kwamba deni limebadilika sura. Zamani kijana alidaiwa utumishi, na kazi ya kuutimizia ilikuwapo ikimsubiri. Leo anadaiwa shilingi, na kazi anaitafuta mwenyewe. Tunawafahamu wahitimu wanaoendesha bodaboda, na wengine ambao bahasha ya vyeti imechakaa kwa kuzungushwa maofisini. Kijiji kimempa kijana chakula kwa mkopo, na njia ya kwenda kuleta msaada imejaa miiba. Je, ni haki kumwita msaliti?

Kanisa nalo halina budi kujikagua. Mwaka 1998 kituo cha mafunzo cha Nyegezi, Mwanza, kiligeuka kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kazi tunayoona fahari nayo. Hata hivyo vyuo vyetu vinatoza ada, kwa kuwa walimu hula na majengo hukarabatiwa, na mtoto wa maskini huiona ada hiyo jinsi anavyoiona ya kwingineko.

Nasi waamini tujihoji. Kadi ya mchango wa harusi ikifika nyumbani, tunatafuta fedha hata kwa kukopa, maana tunaona aibu kutoa kidogo. Kijana wa jumuiya akikosa ada, tunamwambia tutamwombea. Sala ni njema, lakini kijiji kile cha mfano kilitoa chakula. Jumuiya ndogondogo ikiamua kutenga sehemu ndogo tu ya michango ya sherehe, haitakosa kumsukuma kijana mmoja hatua moja, awe anakwenda chuo kikuu au anakwenda VETA kujifunza uashi na umeme. Fundi naye huleta msaada kijijini.

Haba na haba hujaza kibaba. Tusimdai kijana kabla hatujajiuliza sisi tuliweka nini katika kibaba hicho.