Mizani ya Mkulima: Matumaini na Mashaka Kando ya Ziwa Viktoria Baada ya Uhuru

Kila serikali inapobadilika, kada anayekwenda vijijini hukutana na maswali mawili. La kwanza ni: tutapata nini? La pili ni: tutajuaje kwamba hatupunjwi? Swali la kwanza ni la matumaini. La pili ni la mashaka. Wako makada wanaolipokea la kwanza kwa shangwe na kulichukia la pili, wakiamini kwamba mwenye kuuliza hivyo amepotoshwa, au kwamba moyoni anautamani utawala uliopita. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba msimamo huo haulingani na historia yetu. Maswali hayo mawili hutoka katika kinywa kimoja, na mara nyingi mwenye kuuliza la pili kwa ukali zaidi ni yule yule aliyejitolea zaidi kuleta mabadiliko.

Mfano wetu ni wakulima wa pamba wa lililokuwa Jimbo la Ziwa, hasa wa Usukuma, Geita na Ukerewe. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, hapo umma ulijijengea chombo chake cha uchumi kabla haujapata chombo chake cha siasa. Pili, hapo mashaka juu ya viongozi wapya yalijitokeza mapema, tena kwa njia halali na ya wazi.

Chimbuko: mizani ya mnunuzi

Chini ya ukoloni wa Mwingereza, mkulima wa pamba alilima, akapalilia, akavuna na kuchagua pamba yake, kisha akaibeba kichwani mpaka gulioni. Hapo alimkuta mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa wakala wa wenye viwanda vya kuchambulia pamba. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, mawe yalikuwa ya mnunuzi, na aliyeisoma alikuwa karani wa mnunuzi. Bei iliwekwa na serikali, lakini bei nzuri haimsaidii mtu ambaye ratili zake zinaliwa mizanini. Huo ulikuwa unyonyaji usiohitaji maelezo marefu, maana mkulima aliuona kwa macho yake kila msimu.

Wakulima hawakukaa kulia. Walidai kuwepo wapimaji wao wenyewe wa kuihakiki mizani. Kutokana na madai hayo wakaingia katika umoja mpana zaidi. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na Paul Bomani akawa kiongozi wao mkuu. Vyama vya msingi vikaandikishwa kimoja baada ya kingine, na mwaka 1955 vyama vikuu vikaungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, chenye makao yake Mwanza. Ushirika huo ulinunua pamba, ukapata viwanda vyake vya kuchambulia, kikiwamo cha Kasamwa huko Geita, na kabla ya Uhuru ulikuwa umekwisha kumwondoa mnunuzi binafsi gulioni. Ulihesabiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Hapa hapana budi kada azingatie jambo moja. Ushirika wa Ziwa haukuzaliwa na hotuba. Ulizaliwa na mashaka, yaani mashaka ya mkulima juu ya mizani. Mashaka yakazaa madai, madai yakazaa umoja, na umoja ukazaa nguvu.

Amri za mkoloni na mwaka 1958

Mzigo wa pili ulikuwa wa amri. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947, ulikuwa na shabaha ambayo kwa maneno ilikuwa njema: kuhifadhi udongo, kutawanya watu na mifugo, kuongeza mazao. Lakini ulitekelezwa kwa kulazimisha. Mkulima aliamriwa kulima matuta ya kuzuia maji, aliamriwa kupunguza ng'ombe wake, na aliyekaidi alitozwa faini katika mabaraza ya watemi. Hivyo mtemi, ambaye zamani alipata heshima yake kwa watu wake, akafanywa kuwa mkono wa mkoloni wa kukusanyia kodi na kutekelezea amri.

TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, watu kutoka Jimbo la Ziwa walikuwamo katika mkutano wa kuiunda, akiwamo Saadani Abdu Kandoro. Mkoloni akaogopa. Akaizuia TANU isifanye kazi katika Usukuma, na zuio hilo likaendelea mpaka mwaka 1958. Alidhani kwamba kufunga tawi la Chama ni kufunga midomo ya watu. Kumbe watu walikwisha jizoeza kukutana, kuchangua viongozi na kuweka hesabu katika vyama vya msingi. Siasa ilipofungiwa mlango wa mbele iliingia kwa mlango wa ghala la pamba.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilitaka kuiwekea Geita halmashauri ya wilaya yenye wajumbe wa rangi mbalimbali, katika wilaya ambayo karibu wakazi wake wote walikuwa Waafrika. Wananchi wakakataa. Mamia wakavuka maji kwenda Mwanza kupeleka malalamiko yao kwa wakuu wa jimbo, na wakakabiliwa na polisi na mabomu ya machozi. Lakini mkoloni alikuwa ameshindwa. Halmashauri ile haikuweza kusimama, na amri za kilimo nazo zikalegea, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kuzisimamia.

Matumaini ya aina mbili

Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru. Je, mkulima wa kando ya Ziwa alitumaini nini siku hiyo?

Tukichunguza vizuri tutaona matumaini ya aina mbili. Aina ya kwanza ni matumaini ya kutua mzigo: kwisha kwa faini za matuta, kwisha kwa amri ya kupunguza mifugo, kwisha kwa kudharauliwa. Aina ya pili ni matumaini ya kupata: shule, zahanati, maji, barabara, bei nzuri ya pamba. Matumaini ya aina ya kwanza yanaweza kutimizwa kwa siku moja, kwa sheria moja. Mwaka 1962 wakuu wa majimbo wa kikoloni waliondolewa, mahali pao wakawekwa wakuu wa mikoa ambao walikuwa pia makatibu wa TANU. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Lakini matumaini ya aina ya pili hayatimizwi kwa sheria. Yanahitaji jasho, fedha, wataalamu na wakati.

Kosa linalofanyika kila serikali inapobadilika ni kuchanganya aina hizo mbili. Kiongozi akiona jinsi mzigo ulivyotuliwa upesi huahidi kwamba na shule itajengwa upesi vile vile. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Mwezi Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili apate nafasi ya kukijenga Chama na kuwaeleza wananchi maana ya kauli ya Uhuru na Kazi.

Wakulima wa pamba waliitikia. Walipanua mashamba kwa nguvu ambayo mkoloni hakuwahi kuipata kwa viboko vyake vyote, na katikati ya miaka ya 1960 mavuno ya pamba ya nchi yalikaribia marobota 400,000, sehemu kubwa kabisa ikitoka kanda ya Ziwa. Huo ni ushahidi kwamba matumaini yalikuwa ya kweli.

Mashaka yanaingia

Lakini pamba ilipoongezeka, swali la mizani likarudi. Safari hii mizani ilikuwa ya chama, na karani alikuwa mtoto wa kijiji. Kabla mkulima hajapokea shilingi zake, mlolongo wa makato ulipita juu ya pamba yake: ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, wa halmashauri, na kadhalika. Kila ushuru ulikuwa na sababu yake, lakini mara nyingi sababu hiyo haikuelezwa kwa mwenye pamba. Pamoja na hayo zilisikika habari za makarani wasio waaminifu, za viongozi wa ushirika waliojiajiria ndugu zao, na za mipango mikubwa iliyoamuliwa Mwanza bila wanachama kuulizwa.

Vile vile zilirudi amri. Halmashauri mpya katika sehemu nyingi zilitunga sheria ndogo za kumtaka kila mkulima awe na kiasi fulani cha pamba na cha zao la chakula. Kusudi lilikuwa jema. Lakini mkulima aliyetozwa faini mwaka 1955 kwa kutolima matuta, na ambaye TANU ilimwambia kwamba kutozwa huko ni uonevu, alikuwa na haki ya kuuliza tofauti iko wapi. Tofauti ilikuwapo, tena kubwa: serikali ya sasa ilikuwa yake. Hata hivyo tofauti hiyo isipoelezwa na kuonekana katika vitendo, hubaki midomoni mwa kiongozi tu.

Mwezi Septemba 1965 wananchi walipata nafasi ya kujibu. Huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza chini ya katiba ya chama kimoja, ambapo katika majimbo mengi wagombea wawili wa TANU walipambana, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine kwa alama ya nyumba. Nchini kote wabunge wengi wa zamani walianguka. Katika Mwanza aliyeanguka alikuwa Paul Bomani mwenyewe, mwasisi wa ushirika wa pamba, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Fedha. Rais alimrudisha Bungeni kwa uteuzi, na akaendelea kulitumikia taifa. Hatudai kwamba kila kura iliyompinga ilikuwa kura juu ya ushirika. Lakini ni dhahiri kwamba watu wale hawakuikana TANU, maana aliyeshinda naye alikuwa mwana-TANU, wala hawakuyakana mapambano ya 1952 au ya 1958. Walikuwa wanahakiki mizani.

Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati hiyo ilikuta upungufu wa watumishi waliofundishwa, wanachama wasiojua haki zao, upotevu wa fedha na kuingiliwa kwa ushirika kwa sababu za kisiasa. Vyama vikuu kadhaa, pamoja na kile cha Victoria, vikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwishoni mwa miaka hiyo chombo cha wakulima wa Ziwa kikajulikana kwa jina la Nyanza.

Majibu mawili

Serikali yenye kukabiliwa na mashaka ya watu wake inaweza kujibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumfunga kiongozi masharti. Ndivyo lilivyofanya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967, lilipomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni na nyumba za kupangisha. Ni jambo la maana kwamba mwezi Oktoba mwaka huo huo TANU ilifanya mkutano wake mkuu wa taifa mjini Mwanza, na hapo Mwalimu akalieleza na kulitetea Azimio. Katika mji ambao miaka miwili nyuma ulikuwa umemwangusha waziri, Chama kilikuja kusema kwamba mizani itamhusu kiongozi pia.

Njia ya pili ni kuiondoa mizani mikononi mwa mwananchi kwa madai kwamba hajui kuitumia. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini kote, na mamlaka za mazao zikachukua kazi zao. Ubaya wa baadhi ya viongozi wa ushirika ulikuwa wa kweli. Lakini dawa iliyotumika ilimwondoa mkulima badala ya kumwondoa mwizi. Mamlaka ya Pamba haikuwa na wanachama, kwa hiyo haikuwa na mkutano mkuu ambao mkulima angesimama na kuuliza hesabu. Malipo yalipochelewa hakuwa na pa kwenda, naye akajibu kwa jembe lake: akaelekeza nguvu katika mahindi na mpunga. Sheria mpya ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kurudisha vyama vikuu, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alitamka hadharani kwamba kuvivunja lilikuwa kosa.

Mafunzo kwa kada

Tunayapata mafunzo matatu. Kwanza, kada atenganishe matumaini ya kutua mzigo na matumaini ya kupata, na asiahidi la pili kwa kasi ya la kwanza. Pili, kada asiulize tu nani anayelalamika; aulize mizani gani inayolalamikiwa. Adui wa mabadiliko hulalamika kwamba mabadiliko yamekuja. Mwananchi hulalamika kwamba hayajamfikia. Kuwachanganya watu hao wawili ni kumzawadia adui jeshi asilolistahili. Tatu, mashaka yasiyopewa mkutano, hesabu na kura hayafi. Huhamia shambani, ambako mkulima hupunguza jembe. Au huhamia nje ya vyombo vilivyopo, kama ilivyoonekana mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi walipounda sungusungu kwa sababu waliona wizi wa ng'ombe haukomeshwi na wale waliopewa kazi hiyo.

Wakulima waliodai mpimaji wao gulioni walikifundisha Chama somo hilo kabla Chama hakijawa na serikali. Serikali zimebadilika na zitaendelea kubadilika, lakini kazi ya kada kijijini ni ile ile. Afike na daftari la hesabu, alifungue mbele ya wenye mali, na akae mpaka swali la mwisho liulizwe.