Njia ya Pwani ya Lamu–Shela

Njia ya pwani ya Lamu–Shela ni njia ya miguu ya kilomita 3 hivi katika kisiwa cha Lamu, Kenya. Huanzia gatini mwa mji wa kale, ikafuata ukingo wa mlango wa bahari unaotenga Lamu na kisiwa cha Manda, ikaishia kijiji cha Shela. Mbele ya kijiji unaanza ufuo wa mchanga wa takriban kilomita 12 unaoelekea upande wa Kipungani. Mwendo wa Lamu hadi Shela ni wa dakika 40 hadi 50, maji yakiwa yamekupwa.

Maji

Anayetaka kupita huanza kwa kuuliza habari za maji. Yakipwa, mchanga hukaza na njia huwa nyeupe, pana na rahisi hata kwa mtoto. Yakijaa, hasa siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hupanda hadi kwenye kuta na mizizi ya mikoko. Hapo mpitaji huzunguka kwa ndani au hupanda mashua. Kujaa na kupwa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa jana huenda isifae kesho kutwa.

Mjini

Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyuma ya nyumba za ukingoni unapita Usita wa Mui, mwembamba kiasi kwamba punda mwenye shehena humlazimu mtu kusimama dakani. Msikiti wa Pwani una maandishi ya mwaka 1370. Kusini, mtaa wa Langoni, upo Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, kitovu cha Maulidi yanayoleta wageni kutoka pwani nzima.

Jengo kubwa kuliko yote ni Ngome, kwenye uwanja wa Mkunguni. Ilikamilika mwaka 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza, kisha ikawa makumbusho. Juu ya kuta zake mtu huona mapaa ya mji, mlango wa bahari na mikoko ya Manda, mandhari bora kuliko yoyote nyingine mjini.

Vita vya Shela

Ngome hiyo haielezeki bila Shela. Karibu na mwaka 1812, Mazrui, watawala wa Mombasa, waliungana na kisiwa jirani cha Pate kuishambulia Lamu, wakateremsha jeshi Shela. Watu wa Lamu waliwashinda, na walioshindwa walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamekupwa. Simulizi za Lamu husema waliouawa ufuoni walikuwa wengi mno, na kwamba kwa miaka mingi baadaye upepo ulifukua mifupa kwenye vilima vya mchanga.

Ushindi huo mkubwa uliwaachia Waamu hofu ya kisasi. Waliomba ulinzi wa Seyyid Said, naye akaleta liwali na askari. Kwa njia hiyo Oman ilijipatia mguu imara kaskazini mwa pwani, na nguvu za Pate zikaendelea kufifia. Enzi hiyo ilikuwa pia ya malumbano ya kishairi: Zahidi Mngumi wa Lamu na Muyaka bin Haji wa Mombasa walijibizana kwa tungo zinazosomwa hadi leo. Ni nadra vita vya pwani kuacha kumbukumbu tamu namna hiyo ya maneno.

Shela

Kwa mapokeo, wenyeji wa Shela walitoka Takwa, mji wa Manda uliohamwa katika karne ya 17. Hadi leo watu wa Shela huvuka kwenda Takwa kuomba dua kwenye kaburi la mnara. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka 1829, una mnara mrefu mweupe wenye umbo la pia. Misikiti mingi ya kale ya Lamu haina minara, ndiyo maana huu hutambulikana mtu akiwa bado mbali njiani.

Ufuo na vilima vya mchanga

Kupita kijiji, mlango wa bahari unafunguka kwenye bahari kuu. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya ufuo ni hazina ya kisiwa: mvua huchujwa ndani yake na kuwa maji matamu, na visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Kuvijengea nyumba za starehe ni kuhatarisha maji ya kunywa. Wakati wa kusi mawimbi huwa makali kwa waogeleaji. Nguo za kuogelea huishia ufuoni. Kijijini watu hujisitiri.

Hali ya sasa

Wanafunzi, wavuvi, mafundi wa ujenzi na wageni huitumia njia hii kila siku. Pikipiki zimeingia kisiwa ambacho kwa miaka mingi kilijua punda tu. Nyumba nyingi za kale za Shela zimenunuliwa na wageni kutoka Ulaya na kukarabatiwa. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, upande wa bara, lilifunguliwa mwaka 2021.