Daftari la Waliotutangulia: Historia Fupi ya Kuandikisha Vifo katika Nakuru na Bonde la Ufa



Ni desturi ya taarifa hii kuanza kwa kuwataja wenzetu waliotutangulia, kisha hufuata hesabu ya fedha za rambirambi na za kusafirisha maiti. Mwaka huu tumeona vema kuongeza maneno machache ya historia, juu ya jambo linalowakuta jamaa za marehemu baada ya matanga kuondolewa na wageni kwenda zao. Jambo lenyewe ni cheti cha kifo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni kweli kwa mali, nalo ni kweli pia kwa watu.

Sheria ya kwanza ya kuandikisha uzazi na vifo katika nchi hii ilitolewa mwaka 1904. Lakini haikuwa sheria ya watu wote. Ilianza kwa Wazungu, na Wahindi wakaingizwa mwaka 1906. Mwaka 1928 ikatolewa sheria kubwa zaidi, ambayo ndiyo mama wa sheria tunayoitumia hata leo. Lakini wakati ule Waafrika hawakulazimishwa kuandikisha wafu wao. Mwaka 1963, mwaka wa Uhuru, ndipo sharti hilo lilipoanza kuwekwa kwa watu wote, kwanza katika Nairobi na Nyeri. Likaenea wilaya kwa wilaya, hata mwaka 1971 likawa limefika nchi nzima.

Wazee wanaokumbuka kipande watatuelewa upesi. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza, mnamo 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za kazi aliyoifanya, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Basi tazameni jambo hili: Serikali ya wakati ule ilitaka kujua mtu alifanya kazi kwa nani na kwa mshahara gani, lakini haikuona lazima kuandika siku aliyokufa. Tangu kipande kilipoanza kuvaliwa mpaka kifo cha kila mtu kilipopewa nafasi katika daftari, ilipita miaka hamsini.

Katika miaka hiyo hamsini baba zetu na babu zetu walifanya kazi katika mashamba ya Njoro, Molo, Subukia, Solai, Rongai na Naivasha, na wengine katika reli na mjini Nakuru. Walipokufa, wengi walizikwa kando ya kambi za wafanyakazi, na habari zao zikabaki vichwani mwa majirani. Majirani hao nao walitawanyika. Maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya Bonde la Ufa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakaacha nyuma makaburi ambayo leo hayana hata alama.

Na si Bonde la Ufa peke yake. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Kariakoo walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Sanamu yao ipo Nairobi, lakini haina majina. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Anayetaka kuona tofauti na aende Gilgil, kwenye makaburi ya wanajeshi wa Vita ya Pili, zaidi ya 200, yanayotunzwa na tume hiyo hiyo.

Huenda mtu akauliza, karatasi ina faida gani kwa aliyekwisha kufa? Kwake haina. Faida ni ya mjane na yatima. Baada ya Uhuru wengi wetu walichanga fedha wakanunua mashamba kwa njia ya makampuni na vyama vya ushirika. Wengine walifariki kabla ya hati za ardhi kutolewa. Leo anayetaka kurithi hisa au kiwanja cha marehemu hana budi kwenda mahakamani, na mahakama huanza kwa kuuliza cheti cha kifo. Mjane asiye nacho hukaa katika shamba lake kama mgeni, na mwenye hila hupata nafasi.

Basi kinatafutwa wapi? Jambo la kwanza, ambalo wanachama wetu wengi hukosea, ni hili: kifo huandikwa mahali kilipotokea, si mahali maiti alipozikwa. Ndugu yetu akifariki Nakuru, tukamsafirisha hadi Siaya au Vihiga, jina lake hutafutwa katika daftari la Nakuru. Wapo jamaa waliozunguka katika ofisi za nyumbani miezi mingi kwa kutojua hivyo.

Mtu akifia hospitalini, hospitali ndiyo hujaza fomu. Akifia nyumbani, naibu wa chifu ndiye huijaza. Kutokana na fomu hiyo hutolewa kibali cha mazishi. Kibali si cheti. Kitunzeni, kwa maana ndicho kinachomwongoza msajili kupata jina la marehemu daftarini. Mwombaji aende na kibali hicho, kitambulisho cha marehemu na chake mwenyewe. Siku hizi maombi hupokelewa pia kwa mtandao wa Serikali uitwao eCitizen. Miezi sita ikipita bila kifo kuandikishwa, hakiandikwi tena ila kwa idhini ya Msajili Mkuu.

Kwa vifo vya zamani ambavyo havikuandikwa, hapana budi kukusanya ushahidi: barua ya chifu, kiapo cha wazee waliohudhuria mazishi, kitabu cha mazishi cha kanisa, au daftari la makaburi ya mji. Faili za zamani za wilaya na jimbo hutunzwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Mtafutaji asitafute kwa tahajia moja tu, kwa maana makarani waliandika majina yetu kama walivyoyasikia.

Wapo pia wasio na kaburi linalojulikana. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta liliwaka moto Sachangwan, karibu na Molo, wakafa watu zaidi ya 100. Wengine hawakutambulikana, wakazikwa pamoja. Na kwa mtu aliyepotea, sheria yaruhusu mahakama kumhesabu kuwa amekufa, ikiwa miaka 7 imepita bila kusikiwa na wale ambao wangalimsikia. Miaka 7 ni mirefu kwa mama mwenye watoto.

Wanachama wenzetu, Serikali ilipokuwa haiandiki vifo vyetu, vyama kama hiki viliandika. Aliyekufa aliandikwa jina, kwao, siku, na senti zilizochangwa. Makarani wa zamani walidhani wanatunza hesabu ya fedha tu. Kumbe walikuwa wakitunza ushahidi. Kwa hiyo twawaomba wazee wenye madaftari ya zamani majumbani wayalete kabla ya mchwa kuyala. Na twamwomba kila mwanachama, anapofiwa, asihesabu kwamba mazishi yamekwisha mpaka cheti kimepatikana.

Mungu awarehemu waliotutangulia, walioandikwa na wasioandikwa.