Shimoni Kabla Yetu: Historia Fupi ya Kijiji Kinachotulea

Historia ya kwaya yenyewe, viongozi wake na nyimbo zake, mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Hapa tumeombwa kuandika habari za kijiji. Wengi wetu si wazaliwa wa Shimoni. Tumeletwa na uhamisho wa kazi, na ndoa, na biashara ya samaki, na mtu anaweza kuishi hapa miaka kumi akijua njia ya gati, ya duka na ya kanisa tu. Mwaka huu wa yubilei umetufanya tuulize zaidi.

Tuanze na ardhi. Ukishuka feri ya Likoni na kuifuata barabara ya Lunga Lunga, unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha Kanana unakata kushoto. Kutoka hapo ni kama kilomita 15 hadi barabara inapoishia majini. Kwa jumla ni kama kilomita 80 kutoka Mombasa. Mbele yako, ng'ambo ya mkondo, ni kisiwa cha Wasini, chenye urefu wa kama kilomita 5 na upana wa kilomita 1, kisicho na gari wala mto. Wenyeji wa Wasini wamekunywa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabirika tangu zama za babu zao. Kisiwa hicho ndicho kinachoifanya Shimoni kuwa bandari. Kusi likivuma na bahari kuu ikichafuka, Wasini hupokea kishindo, na huku ndani vyombo hulala salama. Kila aliyewahi kuitaka pwani hii, kwa heri au kwa shari, aliliona hilo.

Chini ya miguu yetu ni matumbawe matupu. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na hapa tunapotembea palikuwa mwamba hai wenye samaki. Bahari iliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, na maji ya mvua yakaula polepole mpaka yakafanya mapango. Majirani zetu wa Fikirini wana yao, nasi tunayo yetu. Jina la kijiji halina fumbo: shimo, shimoni.

Wenyewe wa eneo hili ni Wachifundi, Wavumba, Wasegeju na Wadigo. Wavumba walikuwa na mji wao, Vumba Kuu, kusini karibu na Vanga, ukitawaliwa na mtawala mwenye cheo cha Diwani. Baadaye walihamia Wasini, na Vumba Kuu ikabaki magofu. Afisa mmoja Mwingereza, A. C. Hollis, aliziandika habari zao mwaka 1900, na wazee wa Wasini bado wanazo zao vichwani. Sisi waimbaji tumependa kujua kwamba utawala huo ulikuwa na siwa, pembe kubwa iliyopulizwa siku za sherehe. Muziki wa ibada na wa heshima ulikuwapo hapa karne nyingi kabla ya kinanda chetu.

Na neno moja kwa walimu walio kati yetu. Mtoto anayesema Kivumba au Kichifundi nyumbani hasemi Kiswahili kilichoharibika. Kiswahili sanifu kilianza kupangwa mwaka 1930 kwa msingi wa lahaja ya Unguja. Kivumba kilikuwapo zamani mno kabla ya kamati hiyo kukaa.

Sasa tuje kwenye pango. Ukiingia unakuta giza, unyevu, popo, na mwanga unaoshuka kupitia matundu ya juu. Wageni huonyeshwa vipande vya chuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Wazee wanasimulia mambo matatu juu ya mahali hapa, nasi hatuoni kwamba moja linalifuta jingine. Kwanza, lilikuwa mahali patakatifu pa kuombea. Pili, watu walijificha humo Wamaasai walipokuja kuteka ng'ombe. Tatu, watumwa waliwekwa humo wakingojea vyombo. Hilo la tatu ndilo lililoipa Shimoni sifa duniani, na ndilo tunalotaka kulieleza kwa urefu kidogo, kwa sababu watu husema "biashara ya utumwa" kana kwamba ni jambo moja la zamani lisilo na mwanzo wala sababu.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na kung'oa mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na bei ya karafuu ikapanda, kwa hiyo wenye mashamba ya Pemba wakataka watu wengi wa kuchuma. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash, akisukumwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Katika eneo la soko hilo likaanza kujengwa kanisa kuu la Kianglikana ambalo baadhi yetu tumelitembelea. Lakini amri haikuondoa njaa ya mashamba ya Pemba. Wafanyabiashara wakabadilisha njia. Badala ya kupakia Kilwa, waliwatembeza watu kwa miguu kuelekea kaskazini kando ya bahari, kupitia Pangani hadi pande za Vanga, kisha usiku wakawavusha hadi Pemba. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku misafara ya nchi kavu pia. Manowari ya Kiingereza, London, ilikuwa imetia nanga Unguja tangu 1874, na mashua zake zilikuwa zikizunguka kuwasaka walanguzi. Nahodha wake, Brownrigg, aliuawa mwaka 1881 katika maji ya Pemba alipojaribu kukagua jahazi.

Itazameni ramani. Pemba iko kama kilomita 50 kutoka hapa. Shimoni ina maji ya kina yaliyokingwa na kisiwa, na mapango hatua chache kutoka ufukweni. Biashara iliyokuwa halali haikuwa na haja kubwa ya kujificha. Biashara iliyopigwa marufuku ilihitaji shimo. Kwa maoni yetu, masimulizi ya wazee yanaingiana kabisa na miaka hiyo baada ya 1873. Jambo hilo linauma kwa namna yake, kwa maana ina maana kwamba watu waliteseka zaidi gizani baada ya dunia kutangaza kwamba mambo yamekwisha. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Waliouzwa si wa mbali tu. Wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa, lakini nyakati za njaa kali wako wazazi wa pwani hii waliotoa watoto wao rehani ili wapate nafaka.

Kanisa linaingiaje hapa? Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Freretown, karibu na Mombasa, kijiji cha watu waliokombolewa. Kengele yake bado inaonekana pale Kengeleni kwa wanaopita kwenda Nyali. Kutoka kwa watu wa namna hiyo ndiko walikotoka wachungaji wa mwanzo. William Jones na Ishmael Semler walikuwa wamekombolewa utumwani wakiwa wadogo, wakasomeshwa India, na mwaka 1885 wakabarikiwa kuwa mashemasi na Askofu Hannington. Hannington alipouawa Busoga mwaka huohuo, ni Jones aliyeurudisha msafara hadi pwani. Huko Rabai, Jones aliwapokea watoro wengi kutoka mashambani, mpaka mabwana wao wakaja kuwadai. Tarehe 1 Januari 1889 watu karibu 1,400 walipewa hati za uhuru baada ya mabwana hao kulipwa fidia. Tunapoimba habari za minyororo kukatika, waliotutangulia kuimba hivyo katika pwani hii walikuwa wakisema habari za viwiko vyao wenyewe.

Miaka hiyohiyo Waingereza nao waliiona bandari yetu. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888 na kuweka kituo hapa, na serikali ikakirithi. Jengo la kale mnaloliona karibu na pango lilikuwa la Bwana Shauri, na karibu nalo palikuwa na gereza. Makumbusho ya Taifa yamelikarabati, na sasa linaonyesha historia ya utumwa. Huko Gazi, Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliwapinga Waingereza mwaka 1895, akashindwa, na mwaka 1896 akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Mpaka wenyewe ulikuwa wa kalamu tu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba, na Wadigo na Wasegeju wakajikuta nusu huku, nusu kule. Mashemeji wanaovuka Lunga Lunga kwenda arusini Tanga wanajua maana yake.

Mstari huohuo uliwatesa wengine baadaye. Wamakonde walitoka Msumbiji katika karne iliyopita kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na katika miwa ya Ramisi. Walizaa, wakazeeka, wakazikwa hapa Kwale bila kitambulisho cha Kenya. Bila kitambulisho hufungui akaunti, huajiriwi, na usiku ukikutana na askari unajieleza mpaka asubuhi. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho. Wapemba, wavuvi wenzetu waliovuka bahari kuja huku, walitambuliwa mwaka 2023. Katika sauti ya besi ya kwaya hii wamo ndugu wa Kimakonde, na wale waliokuwa mazoezini siku habari ile ilipofika hawajasahau kwamba hakuna wimbo uliomalizika jioni hiyo.

Kuhusu bahari tuseme machache, kwa kuwa wavuvi watatucheka tukijifanya mafundi. Kisite na Mpunguti zilitengwa na serikali kuwa eneo la hifadhi katika miaka ya 1970. Kisite hairuhusiwi kuvua kabisa, na Mpunguti unaruhusiwa uvuvi wa kienyeji. Watalii hufuata matumbawe na pomboo, na vijana wengi wanakula kwa kazi ya mashua. Lakini kwa wazee waliokuwa wakitega madema Kisite, lile lilikuwa shamba lililochukuliwa, na wanalisema hadi leo. Upande wa Kibuyuni akina mama wanalima mwani. Wanafunga miche kwenye kamba maji yanapokupwa, wanavuna, wanaanika, wanauza kwa kilo. Na sasa kuna bandari ya uvuvi. Wengine wanaona ajira, wengine wanauliza mtumbwi wa mzee utapata wapi pa kuegesha. Sisi tunasubiri kuona, ila tungependa swali la mtumbwi lijibiwe kabla ya hotuba.

Tumalizie na jambo lililotushughulisha wanakwaya wenyewe. Tulipopanga video ya yubilei, vijana walipendekeza tuirekodi ndani ya pango. Hoja yao ilikuwa nzuri: sauti humo inajaa bila kipaza sauti, mwanga wa matundu unapendeza, na nyimbo zetu mbili ni za ukombozi. Wakasema si sisi wa kwanza, maana hata Roger Whittaker, mwimbaji mzaliwa wa Nairobi, alitunga wimbo kuhusu Shimoni. Wazee wa kwaya wakasita. Pango si letu. Linatunzwa na kijiji, ambacho wengi wake ni Waislamu waliotupokea na kutuachia nafasi ya kujenga, na ada ya kiingilio inasaidia karo na mahitaji mengine. Kabla ya yote lilikuwa mahali pao pa kuombea. Mama mmoja wa alto akauliza tungevaa nini: sare mpya za yubilei, mahali ambapo watu walikaa uchi na pingu? Ubishi huo ulichukua mazoezi mawili, na ulikuwa ubishi wa heshima.

Tulikwenda kwa wazee wa kijiji. Hawakutukataza. Walisema mlango uko wazi kwa anayeingia kwa adabu, na wakatuuliza kama tumewahi kuingia bila kamera.

Video tumeirekodi gatini, Wasini ikionekana nyuma, alfajiri kabla ya mashua za watalii. Jumamosi ya yubilei, saa tisa alasiri, wote wanaopenda watakwenda pangoni pamoja na wageni wetu. Kila mmoja alipie kiingilio chake kwa mtunzaji. Vaeni viatu visivyoteleza, na wenye tochi waje nazo. Wazee wasioweza ngazi watakaa nje chini ya miti, na mmoja wa wenyeji amekubali kuwasimulia hapohapo. Ndani hatutaimba. Kwaya itaimba tukishatoka, tukiwa tumesimama ufukweni.