Kanga ya Mwali, Melimeli ya Paris

Desemba, shule zikifungwa, ngoma za kuwatoa wali husikika Mtwara mjini, Mikindani na vijiji vya kuelekea Mto Ruvuma. Mabinti waliokuwa ndani hutoka wamevishwa nguo mpya. Kabla hata hawajaanza kucheza, mashangazi na majirani huwa wameshazikagua kanga: ni mpya kweli? Ni doti ngapi? Nani kanunua? Ni rahisi kudhani huo ni umbea tu. Lakini katika karne ya 19, nguo ya mchezaji ilikuwa inajibu swali zito kuliko hayo. Swali lenyewe lilikuwa: huyu ni wa nani?

Swali hilo halikuulizwa pwani yetu peke yake. Machi 12, 1832, katika jumba la Opera la Paris, Marie Taglioni alipanda jukwaani kucheza *La Sylphide* akiwa amevaa sketi nyeupe ya melimeli, pana na nyepesi. Baleti, ngoma ya jukwaani iliyolelewa katika makasri ya wafalme wa Ulaya, ilikuwa inaachana na mavazi mazito ya zamani. Sketi ya melimeli iliiacha miguu ionekane ikisimama kwenye ncha za vidole, na watazamaji wakaamini wanaona kiumbe cha hewani kisicho na uzito. Tangu hapo weupe ule ukawa alama ya baleti.

Nyuma ya pazia mambo yalikuwa na uzito wake. Wachezaji wengi walikuwa mabinti wa familia maskini, na matajiri waliolipia viti vya msimu waliruhusiwa kuingia ukumbi wa mazoezi kuwatazama kwa karibu na kuchagua wa kumfadhili. Kwa hiyo binti aliyeonekana kama malaika mbele ya taa aliulizwa swali lilelile akishuka jukwaani: huyu ni wa nani?

Melimeli ni pamba, na pamba nyingi iliyoingia viwanda vya Ulaya wakati huo ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Pamba hiyo ilifika na huku. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Wamarekani. Meli za Salem, Massachusetts, zikaleta Zanzibar nguo ngumu nyeupe isiyotiwa rangi, na watu wakaiita merikani kwa sababu ya ilikotoka. Kutoka Zanzibar majahazi yaliishusha Kilwa, Lindi na Mikindani.

Kusini, ambako watu wengi wa bara walivaa nguo za magome ya miti, merikani ilikuwa fedha. Ilihesabiwa kwa mikono: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. David Livingstone aliposhuka Mikindani Machi 1866 na kuelekea Ruvuma, msafara wake ulitegemea nguo na shanga kununulia chakula, kama misafara mingine yote. Misafara ya wafanyabiashara iliitumia kununua pembe za ndovu, sandarusi na watu. Nguo ya pamba iliyolimwa kwa jasho la watumwa wa Marekani ikawa bei ya mtu aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa. Wengine walikimbilia nyanda za juu za Makonde, kwenye vichaka vizito visivyo na maji, wakaona bora kiu kuliko kamba shingoni.

Waliofikishwa pwani walitambulika kwa mavazi. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki, nguo ya bei nafuu iliyotiwa rangi mpaka ikakaribia weusi. Kujifunika kichwa kulikuwa kwa waungwana. Mtu alijua cheo chako akiwa bado yuko mbali.

Mwishoni mwa 1862, Emma Livry, mchezaji wa baleti mwenye umri wa miaka 20, alikuwa kwenye mazoezi pale Opera ya Paris sketi yake iliposhika moto wa taa ya gesi. Kulikuwa na dawa ya kuzuia nguo isiwake, lakini ilikakamaza melimeli na kuharibu weupe wake, naye aliikataa. Alifariki Julai 1863. Wakati huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, viliifanya merikani iadimike, na nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi yake madukani kwetu.

Katika miongo iliyofuata ikatokea kanga. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walinunua leso za rangi ambazo hazijakatwa, wakaziunga sita, tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja. Waliotoka utumwani waliikimbilia. Kaniki iliwekwa kando, kichwa kikafunikwa, na mahali pa kuonyesha mabadiliko hayo palikuwa ngomani, mbele ya watu wote, wakiwemo waliokuwa mabwana zao.

Sheria ilijikokota nyuma yao. Mwaka 1873 Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Wajerumani, ambao boma lao la 1895 bado limesimama Mikindani, hawakuufuta utumwa kabisa. Tanganyika ilisubiri hadi 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kulikuwa na miaka mingi ambapo mtu hakuwa na karatasi ya kuthibitisha uhuru wake, ila alikuwa na doti ya kanga.

Ndiyo maana sioni kosa kwa mashangazi wanaokagua kanga za wali. Nyonga zinapoanza kucheza sindimba na fundo la nguo likakazwa kiunoni, vijana wa leo huchukua simu kurekodi miguu na viuno. Mashangazi wao wanaangalia nguo. Wanataka kuhakikisha kwamba binti huyu ametoka akiwa na watu wake, amevishwa na walio wake, na hakuna atakayemwona kwa mbali akadhani hana mwenyewe.